MWAMIKAZI WA MADAGASKA NA VIWANDA VYAKE
(Somo la historia, tena somo la maisha)



Katika kalasi ya historia tulijifunza kwamba viwanda vilianza Uingereza katika karne ya 18, kwa mashini za kusokota pamba na kwa mashini ya mvuke ya James Watt. Tuliandika yote katika kaye. Kiisha somo, mwenzetu mmoja akainua mkono, akauliza: «Na sisi je? Kila mara tunasikia mzungu alileta kiwanda, mzungu alileta mashini. Hakukuwa hata mwami mmoja wa Afrika aliyejaribu kufanya viwanda vyake mwenyewe, mbele ya ukoloni?» Wengi wetu tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema: «Walikuwako. Kuko Muhammad Ali wa Misri, aliyejenga viwanda vya nguo na vya silaha. Tena kuko mwingine, naye alikuwa mwanamke. Mutafute, kisha mutuandikie katika gazeti la shule.»

Basi tulitafuta. Yale tuliyoyapata ndiyo haya. Msome polepole, maana mwishoni kuna maswali, na swali la mwisho linatuhusu sisi wenyewe.

1. MWAMIKAZI HUYU NI NANI?

Upande wa mashariki wa Afrika, katikati ya bahari, kuko kisiwa kikubwa cha Madagaska. Waswahili wa pwani zamani walikiita Bukini. Katikati ya kisiwa kuna milima na nchi ya juu yenye baridi kidogo, kama kwetu Kivu. Fasi ile inaitwa Imerina, na mji wake mkubwa ni Antananarivo. Watu wake ni Wamerina, wakulima wa mpunga na wahunzi wa chuma.

Mfalme wao Radama wa Kwanza alitawala tangu 1810 hata 1828. Mwaka 1817 alifanya mapatano na Waingereza: yeye akataze kuuza watumwa ng'ambo, nao wampe kila mwaka mali, bunduki na baruti. Alipokea pia misioneri wa Chama cha Misioni cha London. David Jones alifungua shule Antananarivo mwaka 1820. Baada yake wakaja mafundi Wakristo: mhunzi, mfumaji, mtengeneza ngozi, seremala. Radama alitaka shule, lakini zaidi alitaka mafundi.

Radama alikufa mwaka 1828, angali kijana. Mke wake akatwaa kiti kwa msaada wa wakubwa wa jeshi, akaitwa Ranavalona wa Kwanza. Kwetu tungesema mwamikazi. Alitawala miaka 33, mpaka kifo chake mwaka 1861. Kutwaa kwake kiti hakukuwa kwa amani: ndugu za Radama waliofikiriwa kuweza kudai ufalme waliuawa. Hatutaficha jambo lile.

Vitabu vingi vya wazungu wa zamani vinamwita mwanamke mwenye wazimu. Sisi baada ya kusoma hatukuona wazimu. Tuliona mtu aliyejua hesabu, mkali sana, anayeogopa kupoteza nchi yake. Tena hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka 1829, alipokuwa hata hajamaliza miaka miwili ya utawala, manowari za Ufaransa zilipiga mizinga mji wa Tamatave (leo Toamasina) na fasi nyingine za pwani. Mapatano na Waingereza alikuwa amekwisha kuyavunja, kwa hiyo bunduki zao hazikuja tena. Akajiuliza kama mama wa nyumba anayeona chumvi imekwisha na soko liko mbali: Je, kile tulichokuwa tunanunua, hatuwezi kukifanya hapa?

2. VIPANDE VIWILI VYA SABUNI

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: sabuni.

Mwamikazi hakuwapenda misioneri. Karibu mwaka 1830 alikuwa anataka waende zao. Inasimuliwa kwamba aliwatuma wakubwa wake kuwauliza: Muko na ujuzi gani mwingine wa kuwafundisha watu wangu, zaidi ya kusoma na ya dini? Kwa mfano, munaweza kutengeneza sabuni kwa vitu vya nchi hii?

Wahubiri hawakujua. Lakini kati yao kulikuwa fundi mmoja wa Scotland, James Cameron, aliyefika mwaka 1826. Akasema: Nipeni juma moja. Juma lilipokwisha wakubwa wakarudi, naye akawapa vipande viwili vidogo vya sabuni, vyote vya vitu vya palepale. Mwamikazi akafurahi. Akafanya naye mapatano ya sabuni na ya kazi nyingine, na kwa sababu hiyo misioneri wakapata miaka mingine ya kukaa.

Wenzetu, muangalie vizuri. Shule na kanisa la Madagaska vilipata nafasi ya miaka karibu mitano kwa vipande viwili vya sabuni! Katika miaka ile ndipo walipomaliza kutafsiri na kupiga chapa Biblia nzima ya Kimalagasy, mwaka 1835.

Sabuni si uchawi. Bibi zetu wengi wanajua kazi hii. Unachoma maganda ya ndizi mpaka yawe majivu. Unayaweka majivu katika chombo chenye matundu, unamwaga maji juu, na yale maji yanayotoka chini ni makali, yanachoma vidole. Ndani yake iko potasi. Ukiyapika pamoja na mafuta, kama mawese yanayotoka upande wa Fizi na Uvira, mafuta na maji makali vinashikana na kuwa kitu kipya kinachoondoa uchafu. Ndiyo shimi ile ile tunayoandika kwenye tablo. Cameron alikuwa na mtaalamu ndani ya kichwa chake, lakini majivu na mafuta vilikuwa vya Imerina.

Hakuishia pale. Alichimba mfereji kutoka mto Ikopa kuleta maji chini ya mji, yakafanya ziwa la Anosy, ili nguvu ya maji iendeshe kinu cha baruti. Ziwa lile liko mpaka leo katikati ya Antananarivo. Na vijana wengi waliwekwa chini yake wajifunze kazi.

3. MJI WA VIWANDA: MANTASOA

Mwaka 1831 merikebu moja ilivunjika pwani ya mashariki ya Madagaska. Ndani yake alikuwamo Mfaransa kijana, Jean Laborde, aliyezaliwa mwaka 1805 huko Auch. Mfanyabiashara mmoja Mfaransa, de Lastelle, alimpokea. Huyu de Lastelle alikuwa tayari anashirikiana na mwamikazi katika mashamba ya miwa na pombe ya rum. Akamtuma mgeni wake Antananarivo. Mwamikazi akamuuliza kama anaweza kufanya bunduki. Akajibu kwamba anaweza.

Alianza karibu na mji, fasi inayoitwa Ilafy. Lakini pale maji na kuni havikutosha. Ndipo katika miaka ya 1830 wakahamia Mantasoa, kama kilometa 60 mashariki ya mji. Kule kulikuwa maji ya kutosha, msitu wa kuchoma makala, na mawe yenye chuma.

Kwa miaka kadhaa ukatokea mji mzima wa kazi. Walifanya mabwawa na mifereji, na magurudumu ya maji yaliendesha mashini. Walijenga tanuru kubwa la kuyeyusha chuma. Ndani ya tanuru unatia kwa zamu mawe ya chuma, makala na mawe ya chokaa. Hewa inasukumwa kwa nguvu kutoka chini, moto unakuwa mkali kupita ule wa mhunzi wa kijijini, na chuma kinatiririka kama uji. Ukikimimina katika kalibu unapata mzinga.

Pale Mantasoa walifanya mizinga, bunduki, baruti, vioo, vyombo vya udongo, matofali, vigae, sabuni, mishumaa, karatasi, wino, rangi, sukari, hariri, hata vyuma vya kuzuia radi juu ya nyumba. Na Laborde alijifunzia wapi hayo yote? Sehemu kubwa katika vitabu! Alikuwa na vitabu vidogo vya Kifaransa vinavyoitwa Roret, vinavyoeleza kila kazi ya ufundi hatua kwa hatua. Alisoma, akajaribu, akakosa, akajaribu tena. Wanafunzi wanaosema «vitabu havileti chakula» wafikiri jambo hili.

Lakini tusidanganyike na kusema Laborde ndiye aliyefanya. Nani aliyetoa amri, fasi, watu na mali? Mwamikazi. Nani aliyejua kufua chuma tangu zamani? Wahunzi wa Imerina. Mzungu alileta maarifa mapya. Mikono, makala na msingi vilikuwa vya wenyeji.

Tukumbuke pia majira. Ilikuwa miaka ya 1830 na 1840. Stanley alikuwa hajazaliwa, au alikuwa mtoto tu. Huku kwetu kandokando ya ziwa Kivu, Leta ya wazungu ilikuwa haijajulikana hata kwa jina. Na kule Bukini mwamikazi wa Afrika alikuwa na tanuru la chuma. Mwaka 1845 manowari za Uingereza na Ufaransa pamoja zilipiga Tamatave, askari wao wakashuka, na jeshi lake likawarudisha baharini.

Yule mwenzetu aliyeuliza swali, tulipofika hapa aliruka kwa furaha. Tulimwambia: Ngoja kidogo, hatujamaliza.

4. NANI ALIFANYA KAZI, NA KWA MALIPO GANI?

Kulikuwa desturi ya zamani katika Imerina inayoitwa fanompoana, maana yake utumishi. Kila mtu huru alitoa siku kadhaa kumtumikia mfalme: kujenga tuta la kuzuia mto, kutengeneza mashamba ya mpunga ya wote. Kwetu pia watu walimlimia mwami, na mwami naye alikuwa na wajibu kwao.

Chini ya Radama, na zaidi chini ya Ranavalona, desturi ile iligeuka. Haikuwa tena siku kadhaa. Watu walichukuliwa miezi, wengine miaka, kwenda jeshini, kubeba mizigo, kukata miti, kufanya kazi Mantasoa. Wanahistoria wengine wanataja watu 20,000 waliotumiwa katika ujenzi wa mahali pale. Hawakupata mshahara. Hata chakula walijitafutia wenyewe au waliletewa na jamaa zao. Wake na watoto walibaki na mashamba. Na kwa sababu watu huru walichukuliwa hivi, matajiri walizidi kutafuta watumwa wa kuwalimia.

Wazee wetu wanaelewa jambo hili bila kuelezwa. Wakati wa Wabelgiji, mababu zetu walijua kazi ya lazima, mashamba ya lazima, na fimbo. Wanasimulia jinsi watu walivyokimbilia milimani wakisikia kwamba mwenye kuandika majina amefika.

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa lililotugusa kuliko yote. Kwa sababu fundi mwema alichukuliwa upesi kwa kazi ya bure ya mwamikazi, watu walianza kuficha ujuzi wao. Misioneri wa wakati ule waliandika hivyo. Mtu aliyejua kufua vizuri, au kushona, au kuchonga, alifanya kusudi kazi mbaya, au alisema «mimi sijui», ili asionekane. Ukionekana hodari, umekwisha: utafanya kazi maisha yako yote bila malipo.

Hata shule ilipatwa na jambo hilo. Mwanafunzi aliyejua kuandika vizuri alichukuliwa awe askari au karani wa jeshi. Basi wazazi wengine wakaficha watoto wao wasiende shuleni.

Muone ajabu hii! Mwamikazi alitaka mafundi wengi, na njia aliyotumia ilifanya mafundi wajifiche. Alitaka ujuzi uongezeke, akaufanya kuwa mzigo. Na mzigo, ndugu, kila mwenye akili anautua.

5. WALE WALIOSOMA

Jambo la pili linahusu wasomi wa kwanza wa nchi ile, yaani wanafunzi kama sisi.

Tarehe 1 Machi 1835 mwamikazi aliita watu wote Antananarivo, akakataza raia zake dini ya Kikristo. Aliona kwamba wanaosali pamoja wana uaminifu mwingine zaidi ya ule wa kwake na wa mizimu ya wafalme. Ufundi aliutaka uendelee, sala hakuitaka. Cameron aliondoka mwaka ule ule kwenda Cape Town, na misioneri wa mwisho wakatoka mwaka 1836. Biblia nyingine zilifichwa chini ya udongo.

Tarehe 14 Agosti 1837 mwanamke Rasalama aliuawa kwa mkuki pale Ambohipotsy, Mkristo wa kwanza wa Madagaska kufia imani. Mwaka 1849 waliuawa watu 18: wanne wa ukoo wa wakubwa walichomwa moto, na 14 walitupwa kutoka jabali la Ampamarinana. Wengine wengi waliuzwa utumwani au kufungwa minyororo. Wengi wengine, wasio Wakristo, walikufa kwa mwavi, ile sumu ya kupima kama mtu ana kosa, ambayo kwao inaitwa tangena.

Hatusemi haya kwa kuwachukia Wamalagasy. Kuua wanaofikiri tofauti kumefanyika kila bara, Ulaya pia, hata Wakristo kwa Wakristo. Tunasema haya kwa sababu kati ya wale waliouawa au kukimbia msituni walikuwamo waliojua kusoma, kuandika, kuhesabu na kupiga chapa. Mkono wa kuume wa mwamikazi ulijenga viwanda, mkono wa kushoto ulikata vichwa ambavyo viwanda vilivihitaji.

6. KWA NINI VIWANDA VILIKUFA?

Mwaka 1857 Laborde aliingia katika shauri la siri pamoja na Mfaransa mwingine, Lambert, wamwondoe mwamikazi na kumweka mwanawe Rakoto. Shauri likajulikana. Mwamikazi hakumwua Laborde. Alimfukuza nchini pamoja na wazungu wengine. Mmoja wao alikuwa Ida Pfeiffer, mwanamke msafiri wa Austria, aliyeandika safari ile.

Na Mantasoa? Ikafa. Wafanyakazi waliacha kazi, wakarudi kwao. Inasimuliwa kwamba wengine walivunja mashini kwa mikono yao wenyewe. Hakuna aliyelia. Katika miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, bwawa kubwa lilijengwa, na maji yakafunika sehemu ya fasi ile. Tanuru la zamani liko bado, limesimama bila moto.

Tulijiuliza: kazi ya miaka 20 inakufaje kwa kuondoka kwa mtu mmoja? Tuliona sababu nne.

(a) Ujuzi mkubwa ulikaa kwa mtu mmoja. Wafanyakazi walijua kila mtu kipande chake. Aliyeshika mambo yote pamoja alikuwa Laborde. Alipoondoka, aliondoka na ufunguo.

(b) Wafanyakazi hawakupata faida. Mtu halindi nyumba ambayo kwake ni gereza. Yule aliyevunja mashini hakuwa mpumbavu: kwake yeye mashini ilikuwa bwana mwingine wa kumpiga.

(c) Hakukuwa soko wala barabara. Karibu vitu vyote vilikuwa vya serikali na vya jeshi. Mama wa kijijini hakununua kioo cha Mantasoa. Nguo yake ikiwa ya ng'ambo, ilikuwa amerikani, kitambaa kile kile kilichouzwa Zanzibar na kufika hata huku bara. Na barabara ya kwenda pwani haikutengenezwa kusudi. Inasimuliwa kwamba wafalme wa Merina walisema wana majenerali wawili wa kuwalinda, Msitu na Homa. Majenerali wale walizuia adui, ndiyo. Lakini walizuia na biashara. Sisi wa Kivu tunaoona kamyo imelala matopeni siku tatu, tunaelewa.

(d) Silaha zilitangulia kila kitu. Mzinga haulimi. Mwenye kutumia chuma chake chote kwa mizinga hana chuma cha jembe.

Mwamikazi alikufa mwaka 1861. Mwaka 1895 Wafaransa walifika Antananarivo na jeshi lao, na mwaka 1896 kisiwa kikawa koloni. Kile alichokiogopa maisha yake yote kilitokea. Hatuwezi kusema kwamba viwanda vya haki vingezuia ukoloni. Wafaransa walikuwa na nguvu sana. Lakini tunaweza kusema hivi: alipotaka kuilinda nchi, aliwachosha watu wake, na nchi ni watu.

Na Cameron? Huyu alirudi mwaka 1863, baada ya kukaa mbali miaka karibu 30. Alijenga makanisa ya mawe, akaizungushia mawe nyumba kubwa ya wafalme ambayo Laborde alikuwa ameijenga kwa miti. Alikufa huko huko Antananarivo mwaka 1875. Lakini tuseme ukweli wote: hata vijana waliofanya kazi chini ya misioneri walitolewa na serikali kwa utumishi ule ule. Sabuni ile nzuri nayo ilipikwa mara nyingi kwa mikono isiyolipwa. Barua ya Yakobo, sura ya 5, inasema kwamba mshahara uliozuiliwa wa wavunaji unalia mpaka masikioni mwa Mungu. Haisemi kwamba unanyamaza kama tajiri ni mwenzako wa kanisa.

7. SISI TUJIFUNZE NINI?

Wengine watasema: hayo ni mambo ya zamani, ya kisiwa cha mbali. Basi tutembee kidogo huku Bukavu.

Mji wetu unajua kwamba kitu cha shamba kinaweza kuwa kitu cha kiwanda. Pharmakina kwa miaka mingi ilitoa kinini kwa magamba ya miti ya kinkina iliyopandwa katika milima ya Kivu. Maji yanayotoka ziwani kwa mto Ruzizi yanafanya umeme, kama vile Ikopa ilivyofanya baruti. Na ukishuka Kadutu, utaona mafundi wanaogeuza bati la zamani kuwa mbabula, sufuria na masanduku. Ujuzi uko. Lakini ongea na fundi mmoja taratibu, atakuambia: «Nikiandika jina langu kubwa mlangoni, kesho watakuja watu watatu, kila mtu na takisi yake na karatasi yake.» Kwa hiyo anafanya kazi nyuma ya nyumba. Anajificha, kama mhunzi wa Imerina.

Na sasa tunakuja karibu zaidi, na hapa tunaona haya.

Katika kalasi yetu kuko mwenzetu anayejua kutengeneza redio na simu. Mwaka jana kila mtu alimletea yake. «Fanya haraka, sisi ni wandugu.» Hakuna aliyeleta hata franga ya kununulia risasi ya kuunganishia. Hakuna aliyemsaidia kuandika somo alilokosa kwa sababu ya kazi zetu. Ikiharibika tena, tulimgombeza. Mwaka huu ukimletea simu, anaiangalia, anairudisha, anasema: «Hii sijui.»

Tulifikiri amesahau, au ana majivuno. Tulipokuwa tunaandika sehemu ya 4 ya somo hili, mmoja wetu aliacha kalamu akasema: «Jameni, ni sisi.» Tulinyamaza wote. Tulikuwa tumemhukumu Ranavalona karibu majuma mawili, na hatukujua kwamba tuna fanompoana yetu.

Tulikwenda kumwona, tukamwomba msamaha. Alicheka, akasema hana hasira. Lakini alisema jambo moja tulilolishika: «Nilichoka kufanya peke yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: inafanyika namna gani?»

Ndilo jambo Laborde alilolikosa, na mwamikazi alilolikosa zaidi. Ujuzi wa mtu mmoja ukilipwa, anautoa bila kuogopa. Ukifundishwa kwa wengi, haufi akiondoka. Ukinyang'anywa, unajificha, na nchi inabaki na tanuru lisilo na moto.

Basi tumepatana hivi: kila siku ya tano, baada ya masomo, atatufundisha watu sita. Kila mmoja ataleta kitu kidogo cha kununulia vyombo, na sisi tutamsaidia masomo anayokosa. Atakayejua atafundisha mwingine. Wanaotaka kuingia watuone. Wasichana pia, tena wao mbele, wasisahau mwamikazi.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini Ranavalona alitaka kufanya bunduki na sabuni ndani ya nchi yake? Toa sababu mbili.
2. Eleza jinsi majivu na mafuta vinavyogeuka sabuni. Muulize bibi yako, kisha linganisha na kaye ya shimi.
3. Tanuru la Mantasoa lilihitaji vitu gani vitatu ndani yake? Nguvu ya kuendesha mashini ilitoka wapi?
4. Fanompoana ilikuwa nini zamani, na iligeukaje? Waulize wazee wa kwenu juu ya kazi ya lazima wakati wa Wabelgiji, uandike mambo mawili waliyokuambia.
5. Kati ya sababu (a), (b), (c) na (d), ipi unaona ni kubwa kuliko zote? Tetea jibu lako. Sisi wenyewe hatukupatana: watatu walisema (a), wanne walisema (b).
6. Nani katika kalasi yako anaficha jambo analolijua? Umewahi kumuuliza kwa nini?

Majibu ya swali la 5 yaletwe kwetu mbele ya mwisho wa mwezi. Yaliyo mazuri yatapigwa chapa katika namba ijayo.